Tiketi Aliyojikatia Mideva

Yamumbi, Eldoret
14 Januari 2025

Kwa Shangazi Edinah,

Mirembe. Habari za Mbale? Na Mzee Eliakim anaendeleaje tangu ule ugonjwa wa kupooza umlaze? Mwambie namsalimia hata kama hawezi kujibu. Huku baridi ni kali. Mahindi tuliyovuna yalinyeshewa uani. Mbwa wetu alizaa watoto watano, Phineas akawatia kwenye gunia na kuwapeleka anakojua mwenyewe.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu yangu mume wangu anaishika kila jioni akitoka ofisini. Anasoma jumbe zote na kupigia namba asizozijua. Akisikia sauti ya mwanamume ananipiga. Akisikia ya mwanamke anataka kujua tulikuwa tunapanga nini, halafu ananipiga. Kwa hiyo barua hii ataileta Nasike, mama anayeuza ndizi sokoni hapa, ambaye huja huko kwenu kila wiki kuchukua mzigo. Umpe yeye jibu lako, usimpe mtu mwingine.

Sasa nikwambie neno lenyewe. Kabla ya Krismasi alikuja ofisini mkimbiaji mmoja kutoka kambi za Kaptagat, anaitwa Bethwel, amealikwa mbio za ng'ambo. Phineas alikuwa ametoka. Unajua mimi nilikuwa karani wa hiyo ofisi ya usafiri kabla hajanioa, na kazi ni ile ile mpaka leo, ila mshahara ulikwisha siku ya harusi. Bethwel akaniuliza, "Madam, kwani mimi siwezi kubuku hii kitu mwenyewe na simu?" Nikamwambia anaweza. Nikamwonyesha tovuti ya shirika la ndege lenyewe, akaandika jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, akachagua siku, akalipa. Tiketi iliingia kwenye simu yake kabla chai yangu haijapoa. Alikuwa bado anacheka kwa furaha mlangoni Phineas alipoingia.

Phineas alingoja mteja ashuke ngazi. Kisha akachukua ile mashine ya chuma ya kutoboa karatasi, akanipiga nayo mdomoni. "Unafundisha wateja kuniruka? Ama unadhani hii ofisi ni ya mamako?" Meno yangu mawili yalianguka juu ya kibodi. Akaniambia nipanguse damu haraka kwa sababu kuna mtu anakuja saa nane.

Nilipangusa, Shangazi. Na nikiwa napangusa nilikata shauri. Yeye hujigamba kwamba hakuna mtu wa Eldoret anayepanda ndege bila kupita mikononi mwake. Mimi nitapanda. Benta niliyesoma naye ana saluni Kigali na anataka mtu wa kumsaidia. Ninaomba pasipoti kwa siri, na ikitoka sina mahali pa kuificha ila kwako. Utanihifadhia, pamoja na mfuko mdogo wa nguo?

Ni mimi mtoto wa kaka yako,
Mideva


Mbale, Vihiga
2 Februari 2025

Mwanangu Mideva,

Mirembe sana. Sisi tuko. Mzee ni wa kugeuzwa tu kitandani, asubuhi upande huu, jioni upande ule. Ng'ombe mwekundu ameacha kutoa maziwa. Majani chai yanachunwa lakini mgongo wangu umekataa kuinama.

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena nikaiweka. Mideva, mimi ndiye niliyekaa mbele ya wazee siku ya mahari na kusema huyu Phineas ni mtu wa watu. Ng'ombe walipoingia boma la kaka yangu mimi ndiye niliyepiga vigelegele. Sasa nikikufungulia mlango wa kutoka, watu watasema nini juu ya shangazi wa aina hiyo? Wanaume wana mkono mwepesi. Hata huyu niliye naye alikuwa na mkono. Mimi meno yangu, unajua, nilianguka kwenye mteremko wa mtoni. Nilivumilia, na leo ni mimi ninayemlisha uji kwa kijiko.

Halafu nakuuliza, hiyo tiketi utaikataje bila mwenye ofisi? Nani atagonga muhuri? Ukifika uwanjani wakikurudisha, utaweka wapi uso wako? Mama Jackson, mwenyekiti wetu wa akina mama kanisani, alipompeleka mwanawe ng'ambo ilibidi apite kwa mume wako huyo huyo, na anamshukuru hadi leo.

Lakini meno mawili ni mengi. Mfuko ulete.

Shangazi yako,
Edinah


Yamumbi, Eldoret
3 Machi 2025

Kwa Shangazi,

Nakusalimu, na Mzee pia. Nasike amekuletea mfuko wa nguo, na pasipoti pamoja na hii barua viko katikati ya unga. Usiushangae uzito.

Nianze na habari mbaya ili tumalizane nayo. Nilikuwa na mimba ya miezi minne. Sikukwambia kwa sababu nilitaka kwanza ishike. Phineas alinikuta nimekaa kwenye kiti chake ofisini, akanipiga teke la tumbo, nikaanguka na kiti chake, akanipiga jingine kwa sababu kiti kimevunjika. Hospitalini niliwaambia niliteleza bafuni. Muuguzi aliniangalia tu, akaandika bafuni. Ni ya pili kutoka hiyo. Mwaka juzi pia niliteleza bafuni. Kituoni kwa polisi nilikwenda, usiniulize. Waliniambia mambo ya nyumbani tukaongelee nyumbani, na mmoja wao akampigia simu aje anichukue.

Kwa hiyo usiniambie tena habari ya mkono mwepesi. Ule mkono ni mzito, mimi ndiye ninayeubeba.

Sasa sikiliza nilivyopanga, maana uliniuliza ya muhuri nikacheka peke yangu jikoni mpaka kidonda cha mdomo kikapasuka. Siku hizi hakuna muhuri. Ofisi kama yetu inafanya nini? Inafungua tovuti ile ile unayoweza kufungua wewe, inaandika jina lako, halafu inakuchapishia karatasi yenye rangi ili uamini kuna kazi imefanyika. Nimefanya hivyo miaka sita.

Uwanja wa Eldoret sitaugusa. Wafanyakazi wa pale wote wanamjua Phineas, na mmoja akiniona kwenye foleni atampigia. Nitapandia Kisumu. Nimelinganisha siku zote za Aprili kwenye kompyuta ya mtu mwingine mjini, kwa barua pepe mpya na laini ya Nasike. Kisumu hadi Nairobi ni ndege ndogo, na hizo hazikosi kuchelewa, kwa hiyo nimeacha saa nne katikati kabla ya ile ya Kigali. Watu wengi huacha saa moja ili wafike mapema, halafu wanalala sakafuni. Nimechukua tiketi ya kurudi pia, ya siku kumi mbele, maana wakikuona na ya kwenda peke yake wanakuuliza maswali. Siitumii. Jina nimeandika Mideva kama lilivyo kwenye pasipoti, sikuweka la Phineas hata herufi moja. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ninayo. Anwani ya Benta nimeikariri.

Ndege ni Jumamosi tarehe 12 Aprili. Ijumaa tarehe 11 yeye ana wageni ofisini siku nzima. Nitatoka kama ninayekwenda sokoni, nifike kwako mchana, nichukue mfuko, nilale, asubuhi niende Kisumu. Usimwambie mtu yeyote.

Shangazi, nilibonyeza mahali pa kulipa. Kisha ikaja tiketi, na jina langu juu yake, na hakuna mtu aliyenipa ruhusa. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Mideva


Mbale
30 Machi 2025

Mwanangu,

Mvua ya kupandia imefika. Nimepanda maharagwe mimi na jembe langu. Mzee alitamka neno moja juzi, nadhani alisema maji.

Pasipoti nimeiona. Picha yako ni mbaya, umefunga mdomo kama mtu aliyekasirikiwa na Mungu, lakini najua kwa nini umeufunga. Iko kwenye sanduku langu chini ya leso, pamoja na nguo. Nimekuwa nikiitoa na kuitazama kila siku. Sikujua binti wa nyumba yetu anaweza kwenda nchi nyingine kwa kujipangia tu, kama anayekwenda kisimani.

Ya mimba nililia. Nililia hata na ile ya kwanza uliyosema uliteleza. Sisemi tena neno la kuvumilia.

Jambo lako sijamwambia mtu, nimemwambia Mungu peke yake. Njoo hiyo Ijumaa. Jogoo wa kuchinja ninaye.

Edinah


Mbale
19 Aprili 2025

Mideva,

Hujambo mwanangu? Nilikungoja. Jogoo nilimchinja asubuhi, nikampika, nikampasha moto mara tatu. Nilikaa nje mpaka jirani akaniuliza kama namngoja mkwe. Jumamosi niliamka nikasema labda umepitia moja kwa moja Kisumu bila mfuko, lakini pasipoti ilikuwa ndani ya sanduku.

Nasike anasema alifika kwenu akakuta lango limefungwa kwa mnyororo na mbwa mwenyewe hayupo. Simu yako haipatikani. Je, ulibadili nia? Ama kuna mtu alimwambia? Nani angemwambia?

Niandikie hata mstari mmoja.

Edinah


Yamumbi
8 Juni 2025

Kwa Shangazi,

Habari ya huko? Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, uusome polepole. Mzee asalimiwe.

Alhamisi ile tarehe 10, mchana, Phineas alikuja nyumbani akanichukua kwa gari akanipeleka ofisini. Alikuwa mpole. Alimpa karani mpya ruhusa ya kwenda kula, akafunga mlango kwa ufunguo, akanikalisha mbele ya kompyuta. Akasema, "Nifungulie hiyo tiketi yako niione. Jumamosi, si ndiyo?" Nikasema sina tiketi. Akanishika nywele za nyuma, akanigonga uso kwenye meza. Akauliza tena. Nikasema sina. Akagonga tena. Mara ya nne taya lilitoa mlio nikausikia kwa ndani.

Nilifungua. Alisoma yote. Unajua kilichomuuma ni nini? Si kwamba naondoka. Alisema, "Umekata bila mimi? Kwani mimi ni nani hapa Eldoret?" Akanilazimisha nifute tiketi zote kwa kidole changu mwenyewe. Nilipomaliza akauliza ni mkono gani uliobonyeza siku ya kulipa. Akachukua wa kulia, akauweka kwenye droo ya chuma ya mafaili, akaifunga kwa mguu. Aliifungua akaifunga tena. Nilihesabu hadi tano, nyingine sijui.

Daktari anasema vidole viwili havitakunjika tena. Taya lilifungwa waya wiki sita. Safari hii niliteleza kwenye ngazi.

Lakini si hilo ninalotaka kukuuliza. Alipokuwa anafunga hiyo droo alikuwa anacheka, akasema akina mama wa Mbale watafunga kula kwa ajili ya safari yangu. Alisema Mama Jackson amempigia kumpongeza, kwamba wameiombea safari ya mke wake ya tarehe 12, Bwana amfikishe Kigali salama. Shangazi, Mama Jackson aliijulia wapi tarehe?

Mideva


Mbale
22 Juni 2025

Mwanangu,

Sina salamu za kutosha kuanzia.

Ni mimi. Kwenye ushirika wetu wa Jumatano anayesafiri huombewa, hajawahi kutoka mtu hapa bila hilo. Tuna daftari. Ukiwa na ombi unaandika jina la mtu, anakokwenda na siku, ili siku hiyo wote wafunge kula mpaka afike. Nilikaa wiki nne bila kuandika. Wiki ya mwisho niliogopa ndege. Niliogopa ile ndege ndogo, Mideva, nikasema nikikaa kimya ikianguka nitamjibu nini kaka yangu? Nikaandika jina lako. Sikuandika sababu. Nilifikiri daftari la Mungu si mdomo.

Mama Jackson hana ubaya. Ana namba ya mumeo tangu ile tiketi ya mwanawe, akaona ni vizuri kumpongeza mkwe wetu. Aliponiambia amempigia, alikuwa anatabasamu, na mimi nilitabasamu. Nilijua tangu Alhamisi ile ile jioni. Jogoo nilimchinja Ijumaa nikijua huji. Barua ya Aprili niliyokuuliza nani angemwambia, niliiandika nikijua.

Na tuwe wakweli mara moja: sikuanguka mtoni. Eliakim alinipiga na mwiko wa kusongea ugali kwa sababu nilimwomba mama yangu nauli ya kwenda kumwona. Miaka thelathini na moja nimesema mtoni. Nilikuficha hilo siku ya mahari, nikapiga vigelegele.

Sijui mtu huombaje msamaha kwa mkono wa mwenzake. Pasipoti bado iko. Sema neno lolote nitalifanya.

Edinah


Yamumbi
6 Julai 2025

Kwa Shangazi Edinah,

Nimepokea barua yako. Nimekusamehe kwa maneno, moyo utafuata ukitaka.

Nimeamua kutulia. Mkono huu hauwezi tena kazi ya saluni, na Benta ameshapata mtu. Phineas ameapa mbele ya mchungaji wetu kwamba amebadilika. Nimechoka kukimbia kitu ambacho kinaendesha gari. Mpe Nasike mfuko wangu, nahitaji hizo nguo kwa baridi hii, na pasipoti uitie humo humo. Nitaichoma mwenyewe ili niache kuiwaza.

Usiandike tena kwa sasa. Nyumba inataka utulivu.

Mideva


Mbale
17 Agosti 2025

Mideva,

Nilimpa Nasike mfuko siku ile ile. Nililia nikiufunga. Nikamwambia Mzee, ameshindwa, na mimi ndiye niliyemshinda. Sikuliandika popote.

Jumatano iliyopita nikiwa kwenye majani chai nilisikia gari. Mume wako. Hakunisalimu. Alinivuta kutoka shambani kwa kitambaa cha kichwa mpaka uani, akanipiga kwa mkanda wenye chuma, kisha upande wa chuma peke yake. "Ako wapi? Mama, sema, ama nikumalize hapa!" Nikasema, yuko nyumbani kwako. Ndipo akaniambia umetoka wiki mbili sasa. Kigali ameshatafuta, Benta hajakuona. Kisumu ameuliza, jina lako halipo. Ameipekua kompyuta yake na simu yako, amempiga karani wake mpya. Amemshika shingo Nasike sokoni mbele ya watu, lakini Nasike hajui chochote, alikukabidhi mfuko tu mkaachana. Mume wako anasema hajui hata ulilipa wapi.

Mwanangu, nilikuwa chini nikila vumbi, mbavu zinalia, na moyo wangu ukaruka kwa furaha mpaka nikaogopa ataiona usoni.

Eliakim, ambaye siku hizi namkalisha kwenye kiti, alikuwa mlangoni. Alipiga kelele, sijui alisema nini. Majirani ndio waliokuja na majembe. Phineas aliondoka na kioo cha gari kimevunjwa. Mimi nina mbavu mbili zilizopasuka na jicho moja halifunguki vizuri.

Nataka ujue ukweli wote, usiniweke mahali pazuri nisipostahili. Alipouliza mara ya tatu ameinua kile chuma, nilikusaliti. Nilifungua mdomo nimwambie ulipo. Ningesema, Mideva. Nilitafuta kichwani mji wowote, siku yoyote, mtu yeyote uliyewahi kunitajia tangu Aprili, ili nimpe aache. Hakukuwa na kitu. Ulinidanganya vizuri sana. Hukupitia kwa mtu, hata kwangu, na ndiyo maana tuko hai wewe na mimi.

Nasike amekataa kuichukua barua hii. Anauliza aipeleke wapi, na mimi sijui pa kumwambia. Nimeiandika kwa sababu sikuweza kukaa nayo. Ikikufikia kwa njia nisiyoijua, kula ushibe, lala, fanya kazi kwa ule mkono unaofanya.

Usinijibu.

Shangazi yako,
Edinah